Siku Kumi na Sita za Mwanamkasi

Tangu mkewe aanze kutundikiwa dripu za saratani, Alawi aligeuka mpishi, na mtaa mzima wa Dunda ukapata habari. Mtu aliyefundisha injini za boti pale chuo cha uvuvi cha Mbegani miaka ishirini na sita, mwenye kucha zisizotakata hata siku ya Idi, leo alionekana sokoni asubuhi na mapema akimgeuzageuza pweza na kubishana na wachuuzi, na mchana alikuwa uani kwake amekalia mbuzi anakuna nazi. Wenzake wa barazani walimcheka mpaka wakachoka. "Alawi, sasa bado kusuka ukili tu," wakamwambia. "Ukili nitausuka, nyie ngojeni," akawajibu, akapita zake na kapu lake. Alikuwa mkaidi tangu ujana, na safari hii ukaidi wake ulipata kazi ya maana.

Mkewe, Mwanamkasi, alikatwa titi la kushoto siku chache kabla ya Ramadhani iliyopita. Zikabaki tezi za kwapani, na hizo ndizo zilizoandamwa kwa dripu sita, moja kila baada ya wiki tatu, huko hospitalini Dar es Salaam. Daktari wao aliitwa Wahida, mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Pangani, asiyepaza sauti hata akikasirika. Siku ya kwanza kabisa aliwaambia maneno ambayo Alawi hakuyasahau.

"Dawa hii ni kali, baba. Inaupiga ugonjwa, na inampiga mwenye ugonjwa. Katika wagonjwa ninaowaona, wale ambao damu yao ina lishe ya kutosha, wengi hufika mwisho wa matibabu. Wale ambao damu yao imepungukiwa, wengi huanguka njiani. Sisemi chakula kinaponya saratani. Akikwambia mtu hivyo, mkimbie. Lakini dawa inataka mwili wa kuibeba. Kwa hiyo kabla ya kila dripu nitapima damu, na isipotosha, dripu sitoi."

Alawi alilielewa jambo hilo upesi kuliko alivyotazamia daktari. Maisha yake yote hakumruhusu mwanafunzi kuwasha injini kabla ya kuchomoa kijiti cha oili na kukitazama. Kumbe na mwili una kijiti chake. Aliporudi nyumbani alibandika karatasi kwenye ukuta wa jikoni, akaanza kuandika kila alichompikia mkewe: uji wa ulezi na karanga, mayai, kunde za nazi, changu wa kuchemsha, supu ya pweza. Watoto wao watatu walikuwa mbali na kazi zao, wakipiga simu kila jioni, naye aliwasomea karatasi ile kwa majivuno. Mabakuli yalirudi jikoni matupu. Jioni Mwanamkasi alikuwa akila tende mbili na vijiko vichache tu vya wali, lakini Alawi hakumlazimisha, kwa sababu mchana kutwa alikuwa ameshiba.

Ndiyo maana hasira zilimpanda siku walipoambiwa, kwa mara ya pili mfululizo, kwamba dripu ya tatu haitolewi.

"Protini ya damu ilianza thelathini na nane," alisema Daktari Wahida. "Ikaja thelathini na tatu. Wiki tatu zilizopita, tulipokataa mara ya kwanza, ilikuwa ishirini na tisa. Leo ni ishirini na sita. Nataka isipungue thelathini, na nikipata thelathini na tano nitafurahi."

"Basi mashine yenu mbovu," alisema Alawi. Akatoa karatasi yake mfukoni, akaifungua, akaanza kusoma kwa sauti. "Jumatatu. Uji wa ulezi, mayai mawili. Mchana pweza wa nazi na wali. Alasiri maziwa. Jumanne..." Alisoma mpaka Ijumaa, na mgonjwa mmoja aliyekaa karibu na mlango akameza mate.

Daktari alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo si madaktari wote wangelifanya. Kisha akaigeuza karatasi ya majibu ili naye aione.

"Mashine tumeirudia mara mbili. Wewe ni fundi, nitakuonyesha kifundi. Protini hii huishi katika damu kiasi cha wiki tatu, kwa hiyo inanisimulia habari za wiki tatu. Ugonjwa nao unaweza kuishusha, ndiyo maana siiamini peke yake. Hii ya pili huisha upesi. Inanisimulia juzi na jana. Na hii ya tatu ni alama ya mwili unaochoma mafuta yake wenyewe kwa kukosa chakula. Hiyo ni ya leo asubuhi. Zote tatu zinasema neno moja, baba. Mama hali."

Alawi aliikodolea macho karatasi. Kijiko cha damu, kilichotolewa mkononi mwa mkewe saa mbili zilizopita, kilikuwa kimeziweka wiki tatu, siku mbili na asubuhi moja, kila kimoja mahali pake, bila mtu kukiamuru. Injini alizozijua hukuonyesha oili ya saa ile tu, hazikumbuki kitu. Alikuwa amejiandaa kugombana zaidi, lakini neno lililomtoka lilikuwa "Subhanallah," na alilisema taratibu.

"Mama," daktari akamgeukia Mwanamkasi, "unakula?"

"Chakula kinapikwa kila siku, mwanangu," alijibu Mwanamkasi, macho chini, "na bakuli hurudi tupu."

Hapo hapakuwa na uongo hata chembe. Mwanamkasi hakuwa mtu wa uongo. Daktari Wahida alimtazama kwa muda, kisha akasema kwamba tezi hazijakua lakini hazijapungua pia, na kwamba hazitawangoja siku zote. Wiki ijayo warudi kupima tena. Ikiwa damu itakuwa bado inashuka, itabidi wakae waanze kuzungumza mambo mengine. Hakusema ni mambo gani, na wote wawili hawakuuliza.

Alhamisi ya wiki hiyo Alawi alitoka kwenda msikitini kuswali adhuhuri, akafika kona ya pili, akajipapasa kichwani. Kofia ameisahau. Akarudi, akapitia mlango wa uani, na hapo akaona mkono mwembamba wenye bangili mbili ukipokea bakuli juu ya ua wa makuti kutoka kwa mkewe, aliyegeuka kurudi ndani bila kumwona.

"Mwambie mzee pweza wa leo kakaza," ilisema sauti ya upande wa pili. "Jana alimpatia."

Ilikuwa sauti ya Bibi Adila, jirani yao, mjane mwenye chumba kimoja na asiye na mtoto. Kwa miezi miwili Alawi alikuwa ameona jinsi mashavu ya ajuza yule yalivyojaa na jinsi alivyoanza kutembea bila mkongojo, akadhani labda uzee umemkubali. Kumbe ni mapishi ya mikono yake mwenyewe, na yeye hana habari! Bibi Adila alipoiona sura ya Alawi juu ya ua, bakuli nusura limponyoke. "Baba, mimi sikuiba," alisema. "Mkeo kaniambia dawa zimemkata hamu ya kula, na hataki kukuvunja moyo kwa jinsi unavyohangaika. Mimi nikala. Ningelitupa?"

Alawi hakumjibu vibaya. Aliomba bakuli, akalipokea, akaingia ndani. Mwanamkasi alikuwa amekaa kitandani, na midomo yake ilikuwa imekauka. Alawi aliitazama midomo ile, kwa mara ya kwanza akaiona vizuri, na akajua.

"Umefunga."

"Nimefunga."

"Ramadhani imepita zamani, Mama Khamis. Unafunga nini?"

"Nalipa," alisema Mwanamkasi. Alikuwa ametulia kabisa, kama mtu aliyechoka kuficha. "Siku thelathini za mwezi ule niliolala baada ya kukatwa. Na kumi na tatu za mwaka niliomzaa Khamis, sikuzimaliza, nikawa naziahirisha mwaka hadi mwaka. Arobaini na tatu. Nimefunga ishirini na saba, siku tatu kila wiki, na siku nyingine dawa ndiyo inayonizuia kula. Leo ya ishirini na nane."

Alawi alikaa chini. Alitafuta hasira yake, hakuiona. "Wewe ni mgonjwa. Dini haikukubebesha mzigo huo. Si ungeuliza?"

"Niulize nini, nami nimesoma darsani kabla hujanioa? Mgonjwa anayetarajiwa kupona hungoja apone, alipe mwenyewe. Mgonjwa asiyetarajiwa kupona hutoa kibaba cha mchele kwa masikini, kila siku kibaba, basi, imekwisha. Nikienda kwa shehe ataniuliza mimi ni yupi kati ya hao. Nikisema sijui, atanituma kwa daktari. Na daktari, Baba Khamis, atanijibu." Akaivuta kanga mabegani. "Nikifunga, hakuna haja ya mtu kuniuliza kitu."

Walikuwa wameoana miaka thelathini na minne. Alawi alidhani anamjua mwanamke huyu mpaka namna anavyokohoa. Sasa akaona kwamba kwa wiki tisa, wakati yeye anapuliza mkaa na kujigamba kwa karatasi, mkewe alikuwa anaamka gizani na kutia nia peke yake, dawa kali ikiwa mwilini, ili tu asije akasikia neno moja. Alimwogopa kidogo, kama mtu anavyokiogopa kitu kikubwa alichoishi nacho siku zote asikijue ukubwa wake. Alimwonea huruma pia.

"Fungua," akasema.

"Zimebaki saa chache tu. Niache niimalize hii."

"Mwanamkasi. Damu yako imekwisha kutusemea. Fungua."

Alimwita kwa jina lake mara chache sana. Mwanamkasi akakipokea kijiko, akanywa mchuzi wa pweza aliyekaza, na machozi yakamshuka mpaka ndani ya bakuli.

Siku ya pili yake Alawi alikwenda kwa Shehe Abdullatif, ambaye hakuwa mzee wa ndevu nyeupe. Alikuwa kijana wa miaka arobaini, mwenye kibanda cha kudurufu karatasi na kuuza madaftari, na siku ile mashine yake ilikuwa imekwama. Alawi aliifungua ubavuni, akaichomoa karatasi iliyojikunja ndani, kisha akaeleza shida yake akiwa bado na wino vidoleni.

"Nimfungie mimi," alimaliza. "Mimi mzima. Kumi na sita si kitu."

"Aliye hai hafungiwi, mzee wangu," alisema Abdullatif. "Hilo ni la maiti. Ndugu yake humlipia."

Alawi akafuta wino kwenye vidole vyake. Hakuwa amelifikiria hivyo.

"Kwanza," aliendelea shehe, "kujidhuru ni haramu, na hilo nakwambia hapa hapa, halihitaji kitabu. Mama ale. La pili, kama maradhi yake hayatarajiwi kupona, atoe vibaba kumi na sita, na yuko huru. Kama yanatarajiwa kupona, kibaba hakimtoshi, angoje."

"Na nani anasema yapi ni yapi?"

"Si mimi." Abdullatif alitikisa kichwa. "Mimi sijui kilichomo mwilini mwa mtu. Daktari mwaminifu, anayeijua kazi yake. Neno lake ndilo nitakalolifuata mimi."

Njia nzima ya kurudi Alawi aliliwaza jambo hilo. Vitabu vilivyojaa kabati zima, maulamaa waliokesha karne kwa karne wakichambua kila pembe ya ibada, wamefika hapa kwenye ugonjwa wa mke wake wakasimama, wakasema: muulizeni tabibu. Na tabibu naye ataiuliza damu. Ilimpa woga na faraja kwa wakati mmoja, na alipofika nyumbani hakuweza kueleza vizuri, akabaki anasema, "Wamemwachia daktari, Mama Khamis. Wamemwachia daktari."

Wiki iliyofuata walikwenda Dar es Salaam. Alawi alikuwa ameyapanga maneno tangu nyumbani, lakini walipokaa mbele ya Daktari Wahida, mkewe alimwekea mkono juu ya goti.

"Niache," alisema. "La kwangu hili." Akamweleza daktari yote: ua wa makuti, Bibi Adila, siku arobaini na tatu, ishirini na saba, kumi na sita. "Basi niambie, mwanangu. Mimi ni wa kibaba, au wa kungoja?"

Daktari Wahida alikuwa mtu wa Pangani, mtoto wa watu wa chuo cha Kurani, hakuhitaji kufafanuliwa. Alivua miwani yake akaiweka mezani.

"Naulizwa kila siku kama mtu atapona," alisema. "Huwa nina majibu yangu, mama. Nasema tutajitahidi, nasema tumwombe Mungu. Lakini hili si swali la kujibiwa hivyo. Nikikosea hapa, nimekuharibia na ibada yako." Akaivaa tena miwani. "Leo sijui. Nikikwambia ninajua nitakuwa nimekudanganya. Nipe wiki sita. Wewe kula, mimi nitapima. Nikijua, nitakwambia, hata likiwa neno baya."

"Hata likiwa baya," alikubali Mwanamkasi.

Hizo wiki sita zilikuwa ndefu. Kula, kwa mtu aliyekwisha kuzoea njaa na mwenye dawa tumboni, si starehe. Ni kazi, tena kazi ya kutoka jasho. Alitapika. Alikaa mbele ya yai moja saa nzima. Alawi alipunguza vyakula vikawa vidogo na vya mara kwa mara, vijiko vitano kila baada ya saa mbili, akaacha kuvipamba. Bibi Adila naye alihamia upande wao kila mchana, akakaa mkekani, akakataa kutia tonge kinywani kabla Mwanamkasi hajameza la kwake. "Nilikula peke yangu miezi miwili," alisema, "nikanenepa kwa dhambi. Sasa tutanenepa kwa halali." Mwanamkasi akacheka, na akiwa anacheka akameza.

Wiki ya tatu, protini ikawa thelathini na moja. Dripu ya tatu ikatolewa. Alawi aliyatazama matone yakishuka mrijani moja moja, akakumbuka kwamba kila tone linaingia ndani ya mayai, kunde na dagaa aliowachagua mwenyewe. Kwamba vitu vile alivyovishika kwa mikono vimekuwa damu, na damu inaibeba dawa. Miaka mingi amekula chakula bila kukistaajabia. Siku ile alistaajabu mpaka muuguzi akamuuliza kama anajisikia vibaya.

Wiki ya sita wakapima tena damu asubuhi, wakapiga na picha ya kwapa, wakangoja nje. Mwanamkasi alikuwa na tasbihi, lakini vidole havikwenda. Alawi alitaka kumwambia kwamba hata likiwa la kibaba yeye yupo, kisha akaona maneno hayo ni mepesi mno, akamshika mkono tu. Waliitwa saa saba.

Daktari Wahida aliinuka akafunga mlango. Alivuta mtandio wake vizuri kichwani, akakaa, akaweka karatasi mbili mbele yake lakini hakuzitazama.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba," walijibu wote wawili.

"Nililala nalo swali lako, mama. Nimewauliza na wenzangu wawili, tukakaa nalo. La ghaibu analijua Mungu, mimi silijui, na mtu anaweza kuwa na damu nzuri akaondoka, mwingine akawa na damu mbaya akabaki. Hili ninalolisema nalisema kwa kadiri ya kipimo na ujuzi nilionao, na niko radhi kuulizwa nalo kesho mbele ya Mola wangu." Alivuta pumzi. "Damu yako ni thelathini na sita. Imebeba dripu na haikuanguka. Tezi zimepungua zaidi ya nusu. Bado una dripu tatu, na tutakwenda nazo. Natarajia utapona. Kwa hiyo usitoe kibaba. Ngoja, upate nguvu, uzilipe mwenyewe."

Mwanamkasi hakusogea. "Zote?" akauliza.

"Zote kumi na sita."

Alawi alikuwa amejiahidi kutulia kwa lolote litakalosemwa, lakini alijikuta ameshasimama. Alimwona mkewe akifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mabega yalimtikisika, na hakujua kama analia au anacheka mpaka alipoviondoa viganja na kumgeukia, uso umelowa wote, macho yamefunguka kama ya mtu aliyeletewa habari ya kujifungua salama.

"Baba Khamis," alisema, "umesikia? Bado nadaiwa."